Daktari Anajibu: Safari ya Ndege kwa Mwenye Kifaa cha Moyo

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na swali moja lenye sura mbalimbali: mtu aliyewekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa cha moyo, kama pesimeka inayousaidia moyo kupiga, anaweza kupanda ndege bila kuhatarisha maisha yake? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu hofu iliyomo ndani yake ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi kliniki.

*Assalam aleikum, Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 68. Miaka mitatu iliyopita aliwekewa pesimeka hapa Kampala kwa sababu moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, hata akawa anazimia jikoni. Tangu siku hiyo hajaanguka tena. Sasa sisi watoto wake tumechangishana fedha ili aende hija, na amekwisha kuandikishwa. Jirani mmoja amemtia hofu kwa kumwambia kuwa mashine za uwanja wa ndege zitaizima betri yake, na kwamba huko juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba moyo wenye kifaa hauwezi kuhimili. Mama halali vizuri. Je, aende au tuahirishe? – Binti yake, Bombo*

Wa aleikum salaam, binti yangu. Kwa maelezo uliyoyatoa, mama ambaye hajazimia tangu awekewe kifaa, anayefanya kazi zake za nyumbani bila kuhema na ambaye vipimo vyake vya kliniki ni vizuri, anaweza kwenda. Msiahirishe kwa sababu ya maneno ya jirani. Hata hivyo, msimpeleke kabla hajapita kliniki, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na hewa. Ndege za abiria huruka kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, lakini abiria hawavuti hewa ya kimo hicho. Hewa ya ndani husukumwa na mitambo ya ndege hadi mgandamizo wake uwe sawa na wa mahali palipoinuka kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia ufukweni, hilo ni badiliko kubwa. Kwa mama yako si kubwa hivyo, kwa kuwa sisi tunaoishi katikati ya Uganda tunalala na kuamka kwenye kimo cha takriban mita 1,200, na uwanja wa Entebbe wenyewe uko kwenye takriban mita 1,150. Kabale iko karibu na mita 2,000. Muulize mama: amewahi kwenda Kabale, kwenye harusi au msiba, tangu awekewe kifaa? Kama alikwenda, akapanda vilima taratibu bila kubanwa na kifua, basi moyo wake umekwisha kufanya mtihani unaokaribiana sana na ule wa ndani ya ndege, tena akiwa anatembea, ilhali ndani ya ndege atakuwa ameketi.

Kifaa chenyewe hakijui kama kipo Bombo au mawinguni. Ni kisanduku bapa cha titani, chepesi, kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kilichofungwa kwa namna ambayo hewa haiingii wala haitoki. Kutoka ndani yake hutoka waya mmoja au zaidi unaopita kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya moyo. Kupungua kwa mgandamizo wa hewa hakukipanui wala hakukipasui. Wa kuangaliwa ni mgonjwa, yaani moyo na mapafu yake. Iwapo mama huvimba miguu, huamka usiku akitafuta pumzi, au hawezi kutembea mita 50 kwenye njia tambarare bila kusimama, basi hilo ndilo la kumwambia daktari wake kabla ya safari, na lingekuwa la kumwambia hata kama asingekuwa na kifaa chochote.

Kama safari yenu itabadilisha ndege Addis Ababa, nina neno moja ambalo watu hawalitarajii. Uwanja wa Addis Ababa uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300, karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege. Nimesikia wazee wengi wakilalamika kwamba ndege iliwachosha, na nilipowauliza vizuri nikakuta kwamba walichoka kwa kukimbilia ndege ya pili, mkoba begani, kwenye korido ndefu na kwenye kimo ambacho mwili haujakizoea. Mwombeeni mama kiti cha magurudumu siku ileile mnayokata tiketi. Wazee wetu huona haya kukalia kiti hicho, wakidhani wanatangaza unyonge. Mwambieni kwamba nguvu anazozitunza hapo atazihitaji kwenye tawafu.

Sasa mashine. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jirani yenu hakubuni jambo hili kutoka hewani. Kifaa cha moyo kinafanya kazi kwa kusikiliza: kila mpigo wa moyo hutoa umeme mdogo sana, wa kiasi cha sehemu chache za elfu za volti moja, na kifaa huusikia. Kikiusikia hunyamaza, kikiukosa hupiga chenyewe. Kwa hiyo ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku inayozunguka mashine, ukiwa mkali na ukiletwa karibu mno na kifua na kukaa hapo, unaweza kukifanya kifaa kidhani kimesikia mpigo ambao haupo, kikanyamaza wakati kilipaswa kusaidia. Ukiondolewa, kifaa hurudi katika kazi yake. Vifaa vya siku hizi vimekingwa vizuri zaidi kuliko vile vya zamani, na uwezekano wa madhara ni mdogo, ila watengenezaji wanaendelea kutoa tahadhari, nami naziheshimu.

Mlango wa ukaguzi, ule ambao mtu hupita kama anayepita kizingitini, hauna tatizo mradi mama apite kwa mwendo wake wa kawaida. Asisimame katikati yake, asiuegemee, na akiona foleni imekwama mbele asubiri upande wa huku hadi njia iwe wazi. Chumba cha kioo ambamo abiria huinua mikono huku mashine ikimzunguka nacho ni salama kwake. Mashine inayopitisha mizigo haimhusu kabisa, kwa sababu miale yake inabaki ndani ya sanduku lake.

Kinachonihangaisha mimi ni kile kirungu cheusi cha mkononi cha kutambua chuma. Baba yangu mzazi aliishi na pesimeka kwa miaka tisa, na siku moja niliingia naye kwenye jengo moja la maduka mjini Kampala. Kama mjuavyo, tangu mabomu ya Julai 2010 hakuna mlango wa maana mjini usio na askari mwenye kirungu hicho, iwe benki, hoteli au hata kanisa na msikiti wakati wa sikukuu. Askari alikipitisha kwenye kifua cha baba, kikalia. Kwa kuwa kililia, akakirudisha palepale. Kikalia tena. Akakishikilia hapo, karibu kugusa shati, huku akimwuliza mzee ameficha nini, na baba kwa adabu yake akawa anafungua vifungo vya shati ili amwonyeshe kovu. Nilimshika askari mkono. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alifanya kile alichofundishwa, yaani mahali panapolia ndipo pa kuchunguza zaidi. Lakini oneni jinsi mambo yalivyopindana: kirungu hulia kwa sababu ya kifaa, na kwa kuwa kimelia, kinashikiliwa juu ya kifaa, jambo ambalo ndilo tunalotaka lisitokee.

Baba hakudhurika. Nilichojifunza ni kwamba mwenye kifaa lazima aseme kabla kirungu hakijainuliwa. Mama aonyeshe kadi yake akiwa bado kwenye foleni, aweke kiganja chini ya mtulinga, mahali kilipo kifaa, na aombe kukaguliwa kwa mikono. Ana haki ya kukaguliwa na mwanamke, na akitaka, mahali pa faragha. Mkaguzi akisisitiza kutumia kirungu, kipitishwe haraka na kisisimamishwe juu ya kifua. Mfanyeni azoee kuyasema haya hapo Kampala, mlangoni mwa duka, kabla hajayasema Entebbe, maana mtu mzima anayeyatamka kwa mara ya kumi hayatamki kwa woga. Na kwenye safari ya ndege atayasema mara nyingi: kuna ukaguzi kabla ya kuingia ndani ya jengo, kuna mwingine kabla ya kupanda, na kila anapobadilisha ndege unaanza upya.

Kadi ninayoitaja ni ile aliyopewa hospitali baada ya kuwekewa kifaa, yenye jina lake, jina la mtengenezaji, namba ya modeli, namba ya kifaa na tarehe ya kuwekwa. Katika familia nyingi kadi hii huhifadhiwa pamoja na hati ya kiwanja, ndani ya sanduku la chuma, na hakuna aliyeigusa tangu siku ya kutoka hospitali. Itafuteni leo. Kama imepotea, rudini hospitali alikowekewa mwombe nyingine, maana kumbukumbu zipo. Baba alikuwa ameifunga yake kwa mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha taifa, vyote viwili vikiwa kwenye mfuko wa suruali, na nadhani hakuna mpango bora kuliko huo. Nakala ya picha ikae kwenye simu ya kiongozi wa msafara. Kadi isiwekwe kamwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Kuhusu kliniki: nendeni wiki nne hadi sita kabla ya siku ya safari, ili kama kuna la kurekebisha, muda uwepo. Watapima nguvu ya betri, watasoma kumbukumbu za kifaa na kuona kama waya ziko sawa. Ombeni barua fupi ya daktari yenye ugonjwa wake, dawa zake na vipimo vya dozi. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika vifungashio vyake, zikizidi siku za safari kwa wiki moja au zaidi. Ikiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kipimo cha kuganda kwa damu kifanyike karibu na siku ya kuondoka. Ndani ya ndege anywe maji, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara, na asimame atembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili, isipokuwa wahudumu wakikataza. Wengi wanaokunywa dawa za kupunguza maji mwilini huziacha siku ya safari kwa kuogopa foleni ya choo, kisha wakafika wamevimba. Mama asiache dozi bila kuzungumza na daktari. Mkatieni kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo.

*Mheshimiwa Daktari, mjomba wangu alipelekwa Chennai, India, na wanawe, na siku nne zilizopita amewekewa pesimeka. Wanataka kurudi naye wiki hii kwa sababu fedha za malazi zinaisha. Mimi nitampokea Entebbe na kumpeleka nyumbani Arua. Je, si mapema mno? – Msomaji, Arua*

Si lazima iwe mapema. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa moyo wa Uingereza huruhusu mtu kusafiri kwa ndege baada ya siku 2 tangu kuwekewa kifaa, mradi hakukuwa na tatizo. Neno zito hapo ni hilo la mwisho. Wakati wa kuingiza waya kwenye mshipa ulio chini ya mtulinga, mara chache sindano hugusa ncha ya pafu, na hewa ikavuja na kunaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa iliyonaswa namna hiyo hutanuka ndege inapopanda, kama chupa ya plastiki iliyofungwa inavyovimba, na inaweza kulibana pafu. Ndiyo maana picha ya eksirei hupigwa baada ya upasuaji. Waambie binamu zako wamwulize daktari wa huko swali moja mahsusi: je, eksirei ya baada ya upasuaji ilionyesha pafu lipo salama? Kama kulikuwa na hewa iliyovuja, asipande ndege hadi iishe kabisa na wiki mbili zaidi zipite, hata kama fedha za malazi zimekwisha na itabidi ndugu wachangishane tena. Nasema hivi nikijua uzito wake.

Kama pafu ni salama na kidonda ni kikavu, hakina joto, wekundu wala usaha, ndege haitamsumbua. Nina wasiwasi zaidi na mkono wake, pamoja na njia ya kutoka Entebbe hadi Arua.

Kwa wiki nne hadi sita za kwanza mkono wa upande wa kifaa haupaswi kuinuliwa juu ya bega wala kubeba mzigo mzito, kwa kuwa ncha za waya bado hazijashikana vizuri na nyama ya moyo na zinaweza kuchomoka. Mtu hukumbuka hilo akiwa kitandani, kisha husahau ndani ya ndege: ndege inatua, kila mtu anasimama kwa haraka, naye ananyoosha mkono kuvuta begi kwenye kabati la juu ya viti. Begi lake liwekwe na kushushwa na mtu mwingine. Mkanda wa ndege hupita tumboni tu, kwa hiyo haumgusi.

Barabara ya Arua, kama uijuavyo, ni zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala. Abiria wa basi hushika chuma cha kiti cha mbele kwa mkono ulionyooka kila dereva anapofunga breki, na kwa mjomba huo ndio mwendo tunaoukataza. Ningefurahi kama angelala Kampala usiku mmoja au miwili, kisha mkapanda gari dogo mchana, yeye akae kiti ambacho mkanda wake unatokea upande usio na kifaa. Isipowezekana, wekeni kitambaa laini kilichokunjwa kati ya mkanda na kidonda, lakini mkanda ufungwe. Na asipande boda boda kutoka stendi hadi nyumbani, hata kama ni hatua chache.

Kabla hawajaondoka Chennai, wahakikishe wana kadi ya kifaa na ripoti ya upasuaji mkononi. Kila mtengenezaji ana kompyuta yake ya kusomea vifaa vyake, na ya mmoja haisomi kifaa cha mwingine: ya Medtronic haisomi cha Abbott, ya Abbott haisomi cha Biotronik wala cha Boston Scientific. Nimewapokea wagonjwa waliotibiwa vizuri kabisa nje ya nchi, wakaja wakiwa na maneno mawili tu, "betri ya moyo", nasi tukatumia asubuhi nzima kutafuta ni ya nani. Mkifika, piga simu Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago uwatajie jina la mtengenezaji na uombe tarehe ya kipimo cha kwanza, ambacho kwa kawaida hufanyika ndani ya miezi mitatu.

*Daktari, nina miaka 24 na ninaishi na pesimeka tangu nikiwa shuleni. Naenda Kigali kwa mara ya kwanza kwa ndege. Je, simu, kompyuta na vifaa vya kusikilizia muziki navyo ni hatari nikiwa nimebanwa kwenye kiti? – Mwanafunzi, Jinja*

Vitumie, ila viweke mbali na kifaa kwa sentimita 15, yaani pungufu ya shibiri. Sababu ni sumaku zilizomo ndani yake. Mwaka 2021 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba iPhone 12, ambayo ina duara la sumaku mgongoni, ikiwekwa juu ya kifua ilisimamisha kwa muda kazi ya kifaa cha kushtua moyo, na kampuni ya Apple yenyewe imeshauri umbali huo wa sentimita 15, na sentimita 30 ikiwa simu inachajiwa bila waya. Usiweke simu kwenye mfuko wa shati, usilale na kompyuta iliyofungwa juu ya kifua, na vile vidubwasha vya masikioni ukivitoa usiviache vinaning'inia shingoni wala usiweke kasha lake mfukoni mwa shati. Mawasiliano ya ndege na intaneti yake hayakuhusu. Safari njema.

*Ndugu Daktari, mimi ni mwalimu. Niliwekewa kifaa cha kushtua moyo baada ya moyo wangu kusimama ghafla. Kimenishtua mara moja, miezi minane iliyopita, na nilihisi kama nimepigwa teke na punda. Nimealikwa kwenye mkutano Nairobi. Ninaogopa kitanishtua angani, nitamdhuru jirani yangu wa kiti, na ndege italazimika kurudi kwa ajili yangu. – Mwalimu, Gulu*

Mwalimu, asante kwa kuandika jambo ambalo wagonjwa wengi hunong'ona tu. Mshtuko ule hauishi siku unapotokea. Mtu hubaki akiusubiri, akipima kila hatua, akikataa mialiko, na wengine huacha hata kupanda ngazi. Hofu hiyo ni sehemu ya ugonjwa na inastahili kutibiwa kama sehemu nyingine. Mweleze daktari wako waziwazi.

Kifaa chako, ambacho wengine hukiita difibrileta, hufanya kazi ya pesimeka na kazi ya pili: kinapoona vyumba vya chini vya moyo vimeanza kutetemeka badala ya kupiga, hupeleka mshtuko wa umeme kuvirudisha kwenye mpangilio. Ndege haisababishi mtetemeko huo. Wanaosafiri kwa ndege wakiwa nacho ni wengi, na kilichomo ndani ya ndege, yaani injini, redio na viti vyenye skrini, hakikipotoshi. Kinachoweza kukifanya kishtue kimakosa ni ugasumaku wenye nguvu ulioshikiliwa karibu mno, ndiyo maana yale niliyomwandikia binti wa Bombo kuhusu kirungu cha mkononi yanakuhusu wewe mara mbili.

Miezi minane ya utulivu ni dalili nzuri, lakini sitaki uihesabu peke yako. Nenda kliniki, kisomwe, kwa sababu kifaa huweka kumbukumbu ya vurugu za mapigo hata zile ambazo hukuzihisi. Kama kingekuwa kimekushtua wiki hii, ningekwambia usisafiri hadi sababu ijulikane na hali itulie.

Jirani yako wa kiti hatadhurika. Akiwa amekugusa wakati huohuo, pengine atahisi msisimko mdogo kwenye kiganja, basi. Ukipanda, mwambie mhudumu mmoja kwa sauti ya chini kwamba una kifaa hicho, na mwonyeshe kadi iko mfuko gani. Kikikushtua mara moja na ukajisikia vizuri baadaye, mwite mhudumu umweleze, kaa utulie, na ukitua mpigie daktari wako siku hiyohiyo. Kikikushtua mara mbili au zaidi kwa kufuatana, au mara moja lakini ukabaki na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, hiyo ni dharura na wahudumu wanapaswa kujua mara moja. Wakiamua kutua, ni kazi yao, na usione aibu. Ndege nyingi za abiria hubeba mashine ya kushtua moyo kutoka nje. Ikibidi itumike kwako, pedi zake zisibandikwe juu ya kifaa, bali kando kwa angalau sentimita 8. Mwambie hivyo mwenzako atakayesafiri nawe, maana wewe wakati huo hutaweza kusema.

Toka Entebbe hadi Nairobi ni mwendo wa saa moja na dakika chache. Nairobi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,800, juu zaidi kuliko Gulu, kwa hiyo siku ya kwanza tembea polepole. Uende, Mwalimu.

*Je, betri inaweza kuisha ghafla nikiwa safarini? – Mzee wa miaka 74, Mbale*

Mzee wangu, shikamoo. Haiishi kama ya tochi. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa pesimeka mwilini, Arne Larsson wa Uswidi, aliwekewa mwaka 1958 kifaa ambacho hakikudumu hata siku nzima, ikabidi awekewe kingine, na maishani mwake alibadilishiwa zaidi ya mara ishirini. Hata hivyo aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86. Betri za leo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 8 na 12, kutegemea moyo unakitumia kifaa kiasi gani. Nguvu ikianza kupungua, kifaa hutoa alama inayoonekana kwenye kompyuta ya kliniki, na kutoka hapo hubaki miezi kadhaa ya kazi ya kawaida, muda wa kutosha kupanga upasuaji mdogo wa kubadilisha kisanduku bila kuzigusa waya kama bado ni nzima. Alama hiyo haionekani nyumbani wala haisikiki kwa vifaa vingi. Ukienda kupimwa, muulize anayekipima: imebaki miaka mingapi? Akikujibu kwamba imebaki miezi, safari ingoje hadi kibadilishwe. Akikujibu miaka, mwombe aiandike nyuma ya kadi yako pamoja na tarehe ya siku hiyo.